Sura ya Nne: Matofali Chini ya Kitanda

Bwana Rehani alichomoa kidonge cheupe kwenye mfuko wa shati, akakitupa mdomoni, akakitafuna kama karanga.

"Peremende," alisema alipoona Inspekta Aikande anamtazama. "Koo linakauka kwa vumbi hili."

Vumbi lilikuwepo kweli. Ghala la mbaazi la marehemu kaka yake lilikuwa Bonga, kando ya barabara ya Dodoma. Magunia yalipangwa mpaka yakakaribia bati, na kila kuli aliyepita na mzigo mgongoni aliacha wingu nyuma yake. Aikande alijiziba pua kwa mtandio. Koplo Nickson, aliyemleta kwa pikipiki, alipiga chafya, akafuta machozi, akapiga nyingine.

"Haya, Bwana Rehani. Anza upya," Aikande alisema. "Uniambie ulichokiona. Ulichosikia kwa watu kiache."

"Nimeshaandikisha kituoni."

"Uliandikisha kwa Koplo. Mimi sikuwepo."

Rehani alishusha pumzi. Alikuwa mtu mnene, sauti yake ya kukwaruza kama mtu aliyelala nje. Alisema kaka yake Hamdani alianza kukohoa miaka mitatu nyuma, muda si mrefu baada ya kumwoa huyu Tunu. Msimu wa mbaazi uliopita yeye Rehani alikaa nyumbani kwao. Jioni moja, mlango wa jikoni ukiwa wazi kidogo, alimwona Tunu anakoroga unga mweupe kwenye kikombe, akampelekea mumewe chumbani. Kesho yake ikawa vile vile.

"Nikamuuliza shemeji, unampa nini kaka? Akasema hakuna kitu. Nikamuuliza kaka mwenyewe. Na yeye akasema hakuna kitu. Mtu amerogwa mpaka anamlinda anayemmaliza. Halafu matofali."

"Matofali gani?"

"Alimwekea mumewe matofali chini ya kitanda. Upande mmoja tu. Uliona wapi, Afande? Kitanda kinainuliwa kama jeneza linalotolewa nje. Kaka amekufa anatafuta hewa kama samaki aliyetupwa ufukweni mwa ziwa. Na vidonge vyetu vya kuulia wadudu wa mbaazi vimepungua. Jumlisha mwenyewe."

"Vidonge mnafungia wapi?"

"Sanduku lile la chuma."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Na Tunu?"

"Mwanamke yule hahitaji ufunguo. Ana akili mbaya."

Nickson aliandika. Aikande hakuandika.

"Ulijua kaka yako amelishwa sumu," alisema. "Daktari wa zamu alipotaka mwili uchunguzwe, ukakataa. Kwa nini?"

"Sisi tunazika mapema. Ni dini."

"Imamu wenu nimemuuliza jana. Anasema jambo la damu ya mtu lina mjadala, angeletewa angelitazama. Hakuletewa."

Rehani alitafuna kidonge kingine.

"Marehemu alipigwa picha ya kifua popote?"

"Hapana. Hakuna picha, hakuna chochote. Kifua tu, TB, sijui nini, vidonge kila siku."

Aikande alikuwa ameshaacha kumtazama. Alikuwa anatazama dirisha la juu ya magunia. Kioo chake kilivunjika zamani, na mahali pake palibanwa karatasi ngumu nyeusi kwa misumari. Jua la mchana lilikuwa linapiga nyuma yake. Ndani ya weusi ule zilionekana picha ndogondogo zilizopangwa safu kwa safu kama za pasipoti, ila badala ya sura kulikuwa na duara la mbavu na mapafu mawili ndani yake.

"Mudy," alimwita kuli mkubwa, mtu wa makamo mwenye gunia la kichwani lililokunjwa kama kofia ya mvua. "Kile pale dirishani ni nini?"

"Plastiki, Afande. Njiwa walikuwa wanaingia, wanatunyea mbaazi."

"Umeitoa wapi?"

Mudy alimtazama tajiri wake, kisha akatazama chini.

"Ilikuwa kwenye vitu vya kuchomwa. Tajiri alisema choma vyote. Nikaona ile ngumu, nzuri, kuichoma ni hasara."

"Panda uitoe. Taratibu, usiichane."

Mudy alipanda. Pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo nyeupe, lilikuwepo jina la Hamdani na la hospitali kubwa ya Arusha. Aikande aliipeleka karatasi ile mpaka puani mwa Rehani.

"Hakuna picha, hakuna chochote," alisema.

"Makaratasi ya hospitali yako mengi. Ningejuaje?"

"Kwa kuangalia. Kuli wako aliangalia, akaona hata ina faida."

* * *

Walirudi mjini, wakapita soko, wakasimama mbele ya nyumba ya marehemu. Aikande hakushuka mara moja.

"Nickson, maelezo ya mjane uliyachukulia wapi?"

"Hapo barazani, Afande."

"Yeye akiwa wapi?"

"Ndani. Yuko eda, mwanamume hawezi kuingia. Kwa hiyo nilikuwa nauliza, Bwana Rehani anaingia, anamuuliza, anatoka na jibu."

Aikande alivua kofia ya pikipiki, akaishika kifuani muda kidogo.

"Mshitaki ndiye alikuwa mdomo wa mshitakiwa."

"Afande, nilikuwa naheshimu dini za watu."

"Uliheshimu dini ukavunja haki. Kituoni wapo askari wa kike wawili wanapanga mafaili kutwa nzima. Hukuona hata mmoja wa kumtuma ndani? Sasa wazee wanakaa hapa leo baada ya alasiri. Rehani amewaambia muuaji harithi, wala hamalizi eda ndani ya nyumba ya aliyemuua. Wakikubali, yule mama analala nje leo, na mtoto wake anabaki kwa baba mdogo. Kwa maelezo yako wewe."

Nickson aliegesha pikipiki. Alibaki barazani, Aikande akaingia.

Tunu alikuwa ameketi kwenye mkeka, nguo nyeupe kuukuu, mtoto wake Amira amelala pajani. Hakuwa mwanamke wa kulialia. Alimpa mgeni stuli, akasubiri.

"Shikamoo."

"Marahaba. Pole kwa msiba, Mama Amira. Mimi ni Inspekta Aikande. Nimekuja kukusikia wewe mwenyewe."

"Wa kwanza," Tunu alisema. "Wengine wamesikia ukuta."

Aikande aliinama kutazama kitanda. Miguu ya upande wa kichwani ilikuwa juu ya matofali ya kuchoma, moja kila mguu. Miguu ya chini ilikaa sakafuni. Hakuyagusa. Aliuliza kwanza habari ya unga.

"Ule unga mweupe uliokuwa kwenye kopo la siagi. Polisi tulilichukua. Ni nini?"

"Nenda jikoni, fungua mtungi mdogo nyuma ya mlango."

Aikande alikwenda. Akarudi na bonge la rangi ya majivu, chafu chafu, lenye chembe za udongo. Alilijua tangu kwa mama yake.

"Magadi."

"Ninayasaga, nachekecha. Kwani hapo kituoni hakuna mtu anayejua magadi?"

"Wanakula makande," Aikande alisema. "Hawajui yanalainishwa na nini."

Kwa mara ya kwanza Tunu alikaribia kutabasamu, akaacha.

"Majibu ya Mkemia wa Serikali yamenifikia leo asubuhi kutoka Arusha," Aikande aliendelea. "Kwenye kopo kuna magadi tu. Sumu haimo. Sasa nataka kujua hili. Shemeji yako alipokuuliza, jibu lilikuwa rahisi. Magadi. Kwa nini ulisema hakuna kitu?"

"Niliapishwa."

"Na nani?"

"Na mwenye kunywa." Tunu alimrekebisha mtoto shingo. "Mume wangu alikuwa na kiungulia. Kabla ya kikohozi, miaka, hata kabla hajanioa. Anafunga ghala usiku, anakuja na njaa ya kutwa, anakula mlima, analala hapo hapo. Mara anaamka anakabwa, maji machungu yamejaa kooni. Nikamwambia nenda ukatibiwe. Akasema nikaseme nini? Kiungulia ni cha wajawazito, wanasema mtoto tumboni ana nywele. Pale sokoni kuna mzee mmoja alisema tu kifua kinamwaka akila maharage, mpaka leo wanamuuliza mtoto wake atakuwa na nywele nyingi kiasi gani. Hamdani akasema afadhali afe kuliko kuitwa Mama Nywele."

Alisikia maneno aliyoyasema. Akajifunika kinywa kwa kiganja.

"Basi nikawa namkorogea. Ilikuwa inatuliza kidogo, halafu inarudi."

"Na matofali?"

"Hayo aliyajua mwenyewe. Akipumzika ghalani juu ya magunia yaliyolala mteremko, hakohoi sana. Akija hapa akalala sawasawa, anakohoa mpaka anatapika. Nikasema basi kitanda nacho kilale mteremko. Nikaomba matofali kwa jirani anayejenga. Ndiyo uchawi wangu huo."

"Picha ya Arusha?"

"Tulikwenda wawili. Wakasema mapafu yana makovu. Wakatupa tarehe ya kurudi, wakasema zipo dawa, wataangalia. Tukarudi na ile picha. Shemeji akaitazama, akasema haya madoa ni mkono wa mtu, hospitali haiwezi. Akampeleka kwa mganga kule Sigino." Sauti yake ilikuwa ile ile, ila maneno yalianza kutoka moja moja. "Akafukizwa. Mtu hana pumzi, Afande. Akafunikwa blanketi na chungu cha moshi ndani. Aliniambia alijaribu kutoka, mtu akashikilia pindo."

"Mtu gani?"

"Alisema, 'Mdogo wangu alinishika kwa nguvu, alidhani ananisaidia.' Alirudi midomo imekuwa kama zambarau. Wiki ile ile tukamzika."

Aikande alisimama. Alichukua picha kwa simu: kitanda, tofali la kulia, tofali la kushoto, bonge la magadi. Mlangoni aligeuka.

"Haya yote ulimwambia shemeji ayapeleke kwa Koplo?"

"Yote. Alitoka na nini?"

Aikande alikumbuka maelezo yale. Yalikuwa mstari mmoja. *Mtuhumiwa hana la kusema.*

* * *

Daktari Octavian alikuwa na chumba kimoja cha tiba karibu na stendi, na foleni iliyofika mpaka kwenye kibanda cha chipsi. Ndiye aliyemtibu Hamdani kabla ya Arusha. Aliibandika picha kwenye kioo cha dirisha, akasogeza miwani.

"Imetobolewa na misumari," alisema.

"Ilikuwa inazuia njiwa. Endelea."

"Hapa ni chini kabisa ya mapafu. Unaona haya matundu yaliyopangana ukingoni? Umewahi kukata sega la nyuki?"

"Nimewahi kula."

"Basi hilo ndilo. Mapafu mazima hayana sega. Hili ni kovu, na kovu halipitishi hewa. Linapanda kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka."

"Sumu ya ghala ingeweza kufanya hivi?"

"Hapana. Ile ikimpata mtu inamwondoa upesi, na kwa fujo. Haina subira ya kujenga sega."

"Vumbi la mbaazi? Kinyesi cha njiwa?"

"Hilo ni swali zuri. Vipo, vinaweza kuacha makovu. Mara nyingi hayakai hivi, lakini siwezi kuapa mahakamani."

"Kiungulia?"

Daktari aligeuka kutoka dirishani.

"Alikuwa na kiungulia?"

"Kwa miaka. Nijibu kwanza."

"Tumbo lina asidi. Kizuizi cha juu cha tumbo kikilegea, asidi inapanda. Mtu akiwa amelala inafika kooni, na matone madogo yanaingia njia ya hewa. Hasikii. Kesho tena. Watafiti wamekuta watu wenye makovu ya namna hii wengi wana asidi inayopanda, na wengine wala kifua hakiwaungui. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Maana mapafu yakikakamaa, mtu anavuta pumzi kwa nguvu, na nguvu ile nayo inanyonya asidi kutoka chini. Sasa yupi alimtangulia mwenzake?"

"Watuhumiwa wawili, kila walipoonekana wako pamoja."

"Ndiyo. Wapo waliochunguza urithi wa damu za watu, wanamnyooshea kidole kiungulia kwamba ndiye anatangulia. Kesi haijafungwa. Na usije ukawatisha watu: wenye kiungulia ni nusu ya mji huu, na karibu wote hawatapata kovu hili maishani."

"Kwetu kuonekana pamoja si kosa."

"Kwetu kunatosha kuuliza swali."

"Wewe uliuliza?"

Daktari Octavian alivua miwani.

"Niliuliza. Alisema hana."

"Mbele ya nani?"

Nje mtu alikohoa kwenye foleni.

"Mdogo wake alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe. Nakumbuka alicheka. Alisema, 'Daktari, kwani kaka yangu ana mimba?' Tukacheka wote."

"Na wewe."

"Inspekta, hapa ndugu hatolewi nje. Ndugu ndiye anayemleta mgonjwa. Ukimtoa, anaondoka na mgonjwa wake."

"Kwa hiyo mgonjwa akasema uongo, wewe ukaandika uongo, ukampa dawa za TB ambayo, kwa faili lako mwenyewe, kila makohozi yalipopimwa haikuonekana." Aikande aliibandua picha, kioo kikalia. "Sisi polisi tumemhoji mjane kupitia kwa mshitaki. Ninyi mmemhoji mgonjwa mbele ya mchekaji. Mji mzima hakuna mtu aliyeulizwa akiwa peke yake."

Daktari alivaa tena miwani yake.

"Ingemponya?" Aikande aliuliza.

"Kovu halifutiki. Lakini zipo dawa za kulipunguza mwendo, ipo oksijeni. Angejua asikae kwenye vumbi. Angejua asiende kwenye moshi."

"Alifukizwa."

Octavian alikaa chini kwenye kiti cha mgonjwa.

"Nani amefanya hivyo?" aliuliza.

"Andika ulichokisema leo, usaini," Aikande alisema. "Nakihitaji kabla ya alasiri."

* * *

Wazee walikuwa wameshaanza. Viatu vilijaa mlangoni. Imamu alikaa katikati ya sebule, Rehani kulia kwake, wajomba na majirani pembeni. Pazia la chumba cha mjane lilikuwa limeshushwa.

"Afande, haya ni ya familia," Rehani alisema.

"Ulipoyaleta kituoni yaliacha kuwa ya familia. Imamu, naomba nafasi."

Imamu alimwonyesha mkeka. Aikande alibaki amesimama karibu na mlango, Nickson nyuma yake.

"Kopo lililochukuliwa na polisi lina magadi. Mkemia amethibitisha. Marehemu alikunywa kwa hiari yake, kwa sababu ya kiungulia. Hii hapa picha ya mapafu yake. Daktari ameandika kwamba ni makovu ya miaka, sumu ya ghala haiwezi kuyafanya. Bwana Rehani aliniambia picha hii haipo. Nimeikuta ghalani, baada ya yeye kuamuru ichomwe."

Minong'ono ilianza. Mjomba mmoja aliuliza, "Kiungulia? Mwanamume?"

"Ndiyo, mwanamume. Mzee wangu, tumbo halina jinsia. Alikificha kiungulia chake kwa sababu ya swali kama hilo lako."

Mjomba alitazama vidole vyake.

"Na matofali je?" Rehani alisema. Sauti ilikwaruza zaidi. "Mtu mzima unamwinulia kitanda. Ya nini?"

"Ya kumzuia asikabwe. Daktari anasema yeye mwenyewe angeyashauri. Sasa na mimi nina swali. Kwa mganga wa Sigino, kaka yako alipojaribu kutoka kwenye moshi, blanketi lilishikwa na nani?"

Rehani alifungua mdomo, akakohoa, akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati kwa mazoea.

"Nilikuwa namsaidia," alisema.

"Najua. Naye alijua, alikutetea mpaka mwisho. Lakini baada ya kumsaidia akafa, na wewe hukutaka jambo lile likukae mwenyewe. Ukalitafutia mtu. Ukampata aliye nyuma ya pazia, asiyeweza kutoka kujibu. Nipe hiyo peremende."

"Nini?"

"Hiyo ya mfukoni."

Rehani alifunika mfuko wa shati kwa kiganja. Nickson alisogea, akaichomoa pakiti ya vidonge kwa adabu, akaisoma kwa sauti kama anavyosoma hati ya mashtaka.

"Dawa ya kiungulia. Tafuna baada ya chakula na kabla ya kulala."

Imamu alimgeukia Rehani.

"Rehani. Na wewe?"

"Tangu ujana," Rehani alisema, karibu hasikiki. "Baba pia alikuwa nacho."

"Kaka yako alikuwa anaficha kwako," Imamu alisema, "na wewe unaficha kwake. Nyumba moja." Alijifuta uso. "Mjane atamaliza eda yake hapa. Baada ya hapo mirathi itagawanywa kama ilivyoandikwa, na mtoto anabaki na mama yake. Kikao kimekwisha."

"Cha kwenu," Aikande alisema. "Kesho asubuhi, Bwana Rehani, uje kituoni. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, na sanduku la vidonge utalifungua mbele yangu tuone kama kweli vimepungua. Mganga nitamfuata mwenyewe."

Watu walianza kutafuta viatu vyao. Ndipo sauti ya Tunu ikatoka nyuma ya pazia, tulivu, ya mtu aliyengoja zamu yake siku nyingi.

"Inspekta, askari wako yupo?"

"Yupo."

"Mwambie asogee pazia, asiangalie ndani."

Nickson alisogea, uso umegeukia ukutani. Kitu kizito kilikwaruza sakafu. Chini ya pazia likatokea tofali, likasukumwa mpaka kwenye kiatu chake. Kisha la pili.

"Mpe shemeji," Tunu alisema. "Ayaweke upande wa kichwani. Asilale ameshiba. Na akienda kwa daktari, aende peke yake, maana akiongozana na mtu kama yeye, hatasema."

Rehani aliyatazama matofali. Wazee wote walikuwa mlangoni na kiatu kimoja kimoja mkononi, wanamtazama. Akainama, akayabeba, moja kila kwapa, akatoka nayo mchana kweupe, kupita katikati ya soko.